Mtoto ameshiba? Anza na nepi, siyo na titi

Maneno yanayokatisha kunyonyesha katika nyumba nyingi ni mawili: "Maziwa hayatoshi." Huyasema mama mkwe, au jirani aliyekuja kumtazama mzazi, au mama mwenyewe saa nane za usiku mtoto akiwa analia tena. Mara nyingi hakuna aliyepima chochote. Kesho yake kopo la maziwa ya unga liko mezani, au uji mwembamba umeshatiwa kwenye chupa, na tangu hapo maziwa yanapungua kweli, kwa sababu titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Aliyesema hayatoshi anaonekana alijua.

Wapo watoto ambao kweli hawapati maziwa ya kutosha, na wengine huishia wodini wakiwa wamekauka, wamelegea na wana manjano, huku nyumbani wakisifiwa kuwa wapole. Kwa hiyo swali ni la haki. Kinachokosewa ni mahali pa kutafuta jibu. Titi halina alama za kipimo, na kilichoingia mdomoni hukioni. Unachoweza kukiona ni kilichotoka, na uzito uliobaki.

Tuanze na siku za kwanza, maana hofu nyingi huzaliwa hapo. Katika saa 24 za kwanza mama hutoa dang'a, maziwa ya manjano na mazito, na hutoka kidogo: mnyonyo mmoja waweza kuwa mililita 5, sawa na kijiko kimoja cha chai. Tumbo la mtoto wa siku moja halihitaji zaidi ya hapo. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwa mzazi wa mtoto wa kwanza, aliyejifungua kwa upasuaji, mwenye kisukari, mwenye uzito mkubwa sana au aliyetokwa na damu nyingi yanaweza kuchelewa. Kuchelewa huko si ishara kwamba hayatakuja, ila mtoto wa mama huyo anastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, na mara nyingi zaidi, kuliko wengine.

Sasa nepi. Siku ya 1 tarajia mkojo angalau mara moja, siku ya 2 mara mbili, siku ya 3 mara tatu, siku ya 4 mara nne. Kuanzia siku ya 5 au ya 6 na kuendelea, nepi zilizolowa vizuri ziwe 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu, usio na harufu kali. Ukitaka kujua "imelowa vizuri" ni kiasi gani, chukua nepi kavu, mimina vijiko vitatu vya chakula vya maji, uishike mkononi. Huo ndio uzito unaoutafuta.

Pampasi huficha. Hufyonza mkojo mara tatu na bado juu ikaonekana kavu, na mama akisema "nimebadilisha tatu tu leo" huwezi kujua mtoto amekojoa mara tatu au tisa. Kwa siku moja au mbili za kuchunguza, rudi kwenye nepi za kitambaa, au weka kipande cha kitambaa cheupe ndani ya pampasi. Andika kwenye karatasi ukutani, mkojo mstari mmoja, kinyesi msalaba. Mzazi asiyelala hakumbuki, na kumbukumbu ya usiku ndiyo inayodanganya zaidi.

Kwenye nepi za siku mbili tatu za mwanzo unaweza kukuta doa la rangi ya tofali au chungwa, kama vumbi. Ni chumvichumvi za mkojo mzito, na siku hizo si ajabu. Likiendelea kuonekana baada ya siku ya 4, mtoto hanyonyi vya kutosha, mpeleke akaangaliwe. Mtoto wa kike anaweza pia kutoa ute wenye damu kidogo ukeni katika wiki ya kwanza kwa sababu ya homoni za mama zinazomtoka mwilini. Hilo ni jambo jingine, msilichanganye.

Kinyesi kinasema mengi kuliko mkojo katika wiki mbili za kwanza. Huanza cheusi na cha kunata, siku ya 3 hivi hugeuka kijani au kahawia, na kufikia siku ya 5 kiwe cha manjano, laini, chenye punjepunje. Mabadiliko hayo hayaji kwa kalenda tu. Ni maziwa yanayosukuma kile cheusi kitoke. Mtoto wa siku 5 ambaye bado anatoa kinyesi cheusi, au hajatoa chochote tangu jana, anatuambia kwamba kinachoingia ni kidogo, hata kama mama anaapa kwamba yuko titini kutwa. Katika mwezi wa kwanza tarajia mara 3 au zaidi kwa siku, kila kimoja kisipungue ukubwa wa kiganja cha mtoto. Wengine hutoa kila wanyonyapo, na bibi husema anaharisha, naye haharishi.

Baada ya wiki ya 6 hesabu hii ya kinyesi hukoma. Mtoto anayenyonya titi tu anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila kujisaidia. Kinyesi kikija laini, tumbo haliko gumu na uzito unapanda, hakuna cha kutibu. Watoto wengi wameingiziwa vipande vya sabuni kwa sababu hii bure.

Tahadhari moja ambayo husahaulika: hesabu ya nepi ni ya mtoto anayepata maziwa ya mama peke yake. Mtoto anayepewa maji, maji ya sukari au dawa za chango atakojoa vizuri sana, nepi nane kwa siku, na bado akapungua uzito. Maji hujaza tumbo, hayana chakula, na humwondolea hamu ya titi. Wala joto la Dar es Salaam au Mombasa si sababu ya kumpa; karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Siku ya joto kali mnyonyeshe mara nyingi zaidi, kwa muda mfupi mfupi. Mama ndiye anywe maji.

Kisha mizani, ambayo ndiyo hakimu, ingawa nayo inahitaji kusomwa kwa akili. Karibu kila mtoto hupungua baada ya kuzaliwa. Kupungua hadi asilimia 7 ya uzito wa kuzaliwa ni kawaida. Ikifika asilimia 10 ni lazima mtu mwenye ujuzi amwone mtoto akinyonya na kumpima, siku hiyohiyo. Kwa mtoto wa kilo 3.2, asilimia 7 ni gramu 224 na asilimia 10 ni gramu 320; akionyesha kilo 2.88, amefika mpakani. Anatakiwa awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 10 hadi 14. Mama aliyetundikiwa dripu nyingi wakati wa uchungu anaweza kuzaa mtoto mwenye maji ya ziada, atakayeyakojoa siku ya kwanza na kuonekana amepungua sana. Ndiyo maana namba ya mizani husomwa pamoja na nepi.

Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya kwanza, tarajia gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani takriban 150 hadi 200 kwa wiki, na wapo wanaopita hapo. Chini ya gramu 500 kwa mwezi katika kipindi hiki ni dalili ya kweli kwamba hapati vya kutosha. Toka mwezi wa nne mwendo hupungua wenyewe, hadi gramu 15 au 20 kwa siku, na mama wengi hushtuka bila sababu. Wengi huwa wameongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili karibu na mwezi wa tano.

Mizani ya kuning'iniza inayotumika katika kliniki nyingi imegawanywa kwa gramu 100. Mtoto aliyeongeza gramu 150 kwa wiki anaweza kusomwa 100 au 200 kulingana na jicho la msomaji na jinsi mtoto anavyorusha miguu. Ukimpima kila baada ya siku mbili kwa mizani hiyo utajitia wazimu. Mpime baada ya wiki, kwenye mizani ileile, akiwa uchi au na nepi kavu tu, na mshale uwe umerudishwa sifuri huku ile suruali ya kupimia imeshatundikwa. Sweta, kofia na pampasi iliyolowa vinaweza kuongeza gramu 300 kirahisi. Tumeona "upungufu" mkubwa uliotokana na mtoto kupimwa mara ya kwanza akiwa na blanketi na mara ya pili bila. Kumpima kabla na baada ya kunyonya ili kujua amekunywa kiasi gani kunawezekana tu kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu 5 au pungufu, naye asibadilishwe nguo wala nepi katikati. Kwa mizani ya kuning'iniza hilo ni kubahatisha.

Kuna pengo hatari hapa. Mtoto akitoka hospitali, wengine hawampimi tena mpaka chanjo za wiki ya 6. Wiki sita ni nyingi mno. Omba apimwe ndani ya wiki ya kwanza na tena karibu na siku ya 14, hata kama hakuna sindano siku hiyo. Namba iandikwe kwenye kadi, wewe mwenyewe uisome, na uulize mstari wake unapanda au umelala.

Ukishajua nepi na uzito, angalia anavyonyonya. Dakika si kipimo. Mtoto anaweza kukaa titini dakika 50 akichezea chuchu, mwingine akashiba kwa 8. Sikiliza na tazama: mwanzo hunyonya harakaharaka kuita maziwa, kisha yakishuka mwendo hugeuka kuwa wa kina na wa polepole, kidevu kinashuka, kinatua kidogo, unasikia "kha" ndogo ya kumeza. Kumeza mara moja kwa kila mvuto mmoja au miwili, kwa dakika kadhaa mfululizo, ndiko kula. Mashavu yakibonyea ndani, au ukisikia mlio wa ulimi kubanduka, hajashika vizuri.

Kushika vizuri kuna alama nne: mdomo umefunguka wazi sana, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ili afike hapo, mwili wake wote ukuelekee, tumbo kwa tumbo, shingo isijikunje, na pua ianze usawa wa chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja afungue kama anayepiga miayo, ndipo umlete yeye kwenye titi. Wengi hufanya kinyume: hupeleka titi kwa mtoto, wakijipinda mgongo, na mtoto huambulia ncha ya chuchu. Chuchu ikitoka mdomoni imebanwa upande mmoja au ina mstari mweupe, ndiyo sababu inauma na ndiyo sababu maziwa hayatoki. Hapo mwombe muuguzi akuone ukinyonyesha. Akikushauri juu ya maziwa bila kumwona mtoto titini, mwombe tena.

Kwa siku anyonye mara 8 hadi 12, usiku ukiwemo. Ratiba ya "kila saa nne" imeharibu maziwa ya wengi, kwa sababu titi lililojaa muda mrefu hupunguza utengenezaji, na homoni inayoagiza maziwa hupanda zaidi usiku, wakati ambao ratiba humtaka mama alale.

Yapo mambo ambayo husemwa ni ushahidi, nayo si ushahidi. Matiti kulainika baada ya wiki kadhaa ni kwa sababu mwili umejua mahitaji, hayajaisha. Kutovuja si kitu. Kukamua ukapata matone kunakueleza ustadi wako wa kukamua tu, maana mtoto mzuri titini hutoa zaidi ya mkono na zaidi ya pampu. Mtoto kunywa chupa baada ya kunyonya hakuthibitishi njaa, kwani chupa hutiririka na mtoto mchanga humeza kinachotiririka. Kutaka kunyonya bila kupumzika kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku ni tabia ya wachanga wengi. Karibu na wiki ya 3, ya 6 na mwezi wa 3 huwa na siku mbili tatu za kunyonya kama hawajawahi kula, na ukiwaachia titi, maziwa huongezeka. Ni katika siku hizo hasa ndipo kopo hununuliwa. Kilio cha jioni nacho hufika kileleni karibu na wiki ya 6 hata kwa mtoto mnene.

Na "maziwa mepesi"? Maziwa ya mwanzo wa mnyonyo huonekana meupe-buluu, ya mwisho huwa na mafuta zaidi. Yote ni chakula. Hakuna mama mwenye maziwa ya maji.

Ikiwa nepi na mizani vimethibitisha kwamba kweli hapati ya kutosha, tafuta sababu kwa mpangilio huu: kwanza jinsi anavyoshika, pili idadi ya minyonyo, tatu vitu vingine anavyopewa, chuchu bandia ikiwemo. Hapo zimo nyingi. Kisha mtoto: aliyezaliwa kabla ya siku zake, mwenye manjano anayelala sana, mwenye ulimi uliofungwa chini au mdomo uliopasuka ndani. Mwisho mama: kipande cha kondo la nyuma kilichobaki, damu nyingi iliyomwagika wakati wa kujifungua, matatizo ya tezi ya shingo, upasuaji wa titi, mimba mpya, au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mtajie mtoa huduma kwamba unanyonyesha kabla hajakupa vidonge. Njia zisizo na estrojeni zipo. Wachache sana wana matiti ambayo hayakukua tezi za kutosha, nao wasilaumiwe kwa uvivu.

Mtori, supu, uji wa pilipili manga: kula, mama aliyezaa ana njaa na ana haki ya kupikiwa. Lakini havifanyi kazi ya mdomo wa mtoto.

Kwa mtoto aliye macho na asiye na dalili za hatari, siku mbili za kazi hubadili mengi. Mvue nguo, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike wote kwa khanga. Mnyonyeshe mara 10 hadi 12, asipitishe saa tatu tangu mwanzo wa mnyonyo uliopita. Akilala, mkune nyayo kwa kidole, mbadilishe nepi, mwamshe. Akiacha kumeza lakini bado ameshika, libane titi kwa kiganja, kidole gumba juu na vingine chini, mbali na chuchu, shikilia huku akivuta, achia akipumzika. Akiacha kumeza kabisa, mhamishie titi la pili, kisha rudi la kwanza. Baada ya minyonyo kadhaa ya mchana, kamua kwa dakika 10 hadi 15: kidole gumba na cha shahada sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, bila kuvuta ngozi. Ulichopata mpe kwa kikombe.

Usijaribu haya nyumbani ikiwa mtoto hanyonyi au ameacha kunyonya, haamki hata kwa kusumbuliwa, amepatwa na degedege, ana joto la 37.5 au zaidi au chini ya 35.5, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea, utosi umezama, hajakojoa kwa saa 12, au manjano yameanza siku ya kwanza au yamefika viganjani na nyayoni. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, usiku huohuo. Mtoto anayekosa maziwa halii sana. Nguvu za kulia humwishia.

Daktari au muuguzi akisema aongezewe, haina maana kunyonyesha kumeisha. Titi litangulie kila mara, kisha nyongeza, ambayo kwanza ni maziwa yako uliyokamua. Kiasi kipangwe kwa uzito. Kwa kulinganisha, mtoto wa kilo 3 asiyenyonya kabisa, baada ya wiki ya kwanza, huhitaji karibu mililita 450 kwa saa 24, yaani kama 55 kila baada ya saa tatu. Anayenyonya huhitaji sehemu tu ya hizo. Ukilazimika kutumia ya kopo, fuata kipimo cha kijiko kilichomo na maji yaliyochemshwa. Kuyazimua ili yadumu ni kumpa njaa kwa rangi nyeupe, na maziwa ya ng'ombe si mbadala. Tumia kikombe kidogo kisafi badala ya chupa: mkalishe wima, mikono imefungwa kwa khanga, ukingo wa kikombe utue kwenye mdomo wa chini, maziwa yaguse tu, alambe mwenyewe. Usimmiminie. Yatamwagika kidogo, hesabu na hayo.

Kuondoa nyongeza ni kazi ya mizani pia. Punguza mililita 50 kutoka kwenye jumla ya saa 24, kaa hapo siku chache, mpime wiki ikitimia. Akiwa ameongeza angalau gramu 125 na nepi bado ni 6 nzito, punguza 50 nyingine. Akiwa hajafika hapo, rudi kwenye kiasi cha mwanzo kwa wiki moja, kagua tena anavyoshika titi, ndipo mjaribu upya.